KRAS moja, matokeo mawili: IEC-18 zinageuka, organoidi za utumbo mpana zinakufa

Darubini_Kuu (mwenye mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina matokeo mawili yanayoonekana kupingana, naomba tuyachambue pamoja.

Lentivirusi (virusi vya kubebea jeni) ni moja: KRAS G12V, jeni ya saratani isiyozimika, chini ya promota (swichi ya jeni) ya CMV, pamoja na jeni ya kuhimili puromisini, dawa inayoua seli zisizopata virusi. Imeingizwa kwenye seli za aina mbili. Za kwanza ni IEC-18, seli za utumbo mwembamba wa panya mkubwa wa maabara. Baada ya siku 6 zimerefuka, zinang'aa kwenye darubini, na zinapandana kama vichuguu. Za pili ni organoidi (vijiungo vidogo vinavyooteshwa maabara) za utumbo mpana wa binadamu, zilizotolewa sehemu yenye afya. Hizo siku ya 8 zimekuwa nyeusi na kusinyaa, na siku ya 12 hakuna kitu ndani ya Matrigel, jeli ya kuoteshea. Virusi vitupu, visivyo na KRAS, havizidhuru.

Media ya organoidi: nusu ni media iliyovunwa kutoka seli za L-WRN, halafu EGF (kichocheo cha ukuaji) 50 ng/ml, A83-01 500 nM, SB202190 10 µM, B27, N-asetilisisteini na nikotinamidi 10 mM. MOI (wastani wa virusi kwa kila seli) ilikuwa kama 3.

Maswali ni matatu. Kwa nini KRAS ileile igeuze seli hizi na kuua zile? Pili, nikiondoa EGF ili zibaki zenye KRAS pekee, mbona hata zile za virusi vitupu zinaendelea kuishi? Tatu, lengo ni kuzima pia jeni za breki APC, TP53 na SMAD4: nianze na ipi?

Nyongeza: kwenye friza kuna pia seli za INT-407, nafikiria kuzitumia kama kielelezo cha seli za kawaida za binadamu.

Kriptu_Hai

Kabla ya yote, INT-407 weka kando. Ziliitwa "Intestine 407" na ziliaminika kuwa za utumbo wa kijusi, lakini ni HeLa: seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizovamia chupa miaka mingi iliyopita. Zina E6 na E7 za HPV-18, kwa hiyo p53 (protini ya jeni ya TP53) na RB, breki za mgawanyiko, zimeshazimwa. Matokeo yoyote ya onkojeni utakayoyapata humo hayahusu utumbo. Ukitaka seli za binadamu zinazoota bapa kwenye plastiki, tafuta HCEC 1CT, seli za utumbo mpana zilizopewa uhai mrefu kwa CDK4 na hTERT. Hata hizo andika wazi kwamba njia ya p16, breki nyingine, imeshapitwa kwa makusudi. Na seli yoyote inayoingia maabara ipimwe STR (utambulisho wa DNA) na mikoplazma (bakteria wavamizi) kabla hujatia jeni.

Suala la media nitalirudia, lina mambo mengi.

Bi_Pipeti

Mkuu, matokeo yako hayapingani. Umeweka jeni moja kwenye seli mbili ambazo breki zake haziko sawa.

IEC-18 zimetoka kwenye kriptu, vishimo vya ukuta wa utumbo ambamo seli mpya huzaliwa, na zenyewe hazioti uvimbe kwa mnyama, ila zimeishi kwenye plastiki kwa zaidi ya miaka 40 na zinagawanyika bila kikomo. Breki ya uzee, yaani seli kuacha kugawanyika kabisa, ilishalegea kabla hujaleta virusi vyako. Ndiyo maana Ras isiyozimika (KRAS na HRAS ni za familia hii) inazigeuza upesi. Organoidi za mtu mwenye afya zina p53 nzima, p21 nzima na p16 nzima. Ishara ya Ras ikivuka kiwango, seli kama hiyo inaichukulia kuwa ni hatari, inajifunga. Serrano na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1997 kwenye fibroblasti: HRAS V12 inasukuma mgawanyiko kwa muda mfupi, kisha p53 na p16 zinapanda na seli inazeeka moja kwa moja. Lakini mwaka 2004, KRAS G12D ilipowashwa kwa panya ikiwa mahali pake pa asili, chini ya promota yake yenyewe, seli zilizidi kugawanyika, hazikuzeeka. Kilichobadilika hapo ni kiasi cha protini.

Sasa angalia kiasi chako. Kwa MOI ya 3, hesabu ya Poisson inasema takriban 95% ya seli zimepata virusi, na kati ya hizo ni kama 16% tu zenye nakala moja. Zilizobaki zina mbili, tatu, tano. Juu yake kuna CMV, promota yenye nguvu kupita kiasi. Puromisini nayo imefagia chache zilizokuwa safi. Zilizobaki ndizo zilizobeba mzigo mkubwa kuliko zote, na hizo ndizo unazoziona zikiwa nyeusi.

Shusha MOI hadi 0.3. Hapo ni kama 26% ya seli zitakazoambukizwa, na takriban 86% ya hizo zina nakala moja. Badilisha CMV iwe PGK, promota dhaifu zaidi, au tumia promota inayowashwa na doksisaiklini na upande ngazi: 0, 10, 30, 100, 300 ng/ml. Katika kila ngazi pima KRAS yote kwa westani bloti ukilinganisha na KRAS ya asili ya seli hiyo. Ikizidi mara 2 hadi 3, unachunguza sumu, si saratani.

Tahadhari moja kuhusu doksisaiklini: media ya L-WRN inavunwa kutoka seli zinazolelewa kwa seramu ya ndama, na seramu nyingi zina mabaki ya tetrasaiklini. Promota yako inaweza kuwaka wakati wewe hujatia kitu. Vuna media hiyo kwa seramu iliyothibitishwa kutokuwa na tetrasaiklini, na daima weka kisima cha doksisaiklini sifuri na ukipime protini, usikisie.

Kuthibitisha kama ni uzee au ni kifo: siku ya 5 hadi ya 7 paka rangi ya beta-galaktosidasi kwa pH 6.0, pima p21 na p16, na laminini B1 isikwepwe (inashuka kwenye uzee). Kaspasi-3 iliyokatwa ikipanda, ni kujiua. Mara nyingi utakuta vyote viwili ndani ya organoidi moja, na kipi kinatangulia inategemea kiasi. pH ya rangi ile ikishuka hata 5.5, kila seli itageuka bluu, kwa sababu lisosomu za kawaida zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye tindikali.

Darubini_Kuu

Asante sana Bi_Pipeti. Kwa IEC-18, kugeuka umbo kunatosha kuandika kwamba "zimegeuka"?

Bi_Pipeti

Halitoshi. Umbo ni dalili tu. Kwa seli za utando wa utumbo, jaribio lenye uzito ni kuishi bila kushika popote. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba IEC-18 za kawaida zikinyimwa mahali pa kushika zinakufa, na zenye Ras zinabaki hai. Paka sahani kwa poli-HEMA 20 mg/ml iliyoyeyushwa kwenye ethanoli ya 95%, iache ikauke kabisa ndani ya kabati, suuza mara mbili kwa PBS, kisha weka seli na uhesabu zilizo hai saa 24, 48 na 72. Ethanoli isipokauka vizuri seli zako zote zitakufa na utadhani ni matokeo.

Halafu agari laini: tabaka la chini 0.6%, la juu 0.3%, seli 10,000 kwa kisima kwenye sahani ya visima 6, siku 14 hadi 21. Agari ya juu ichanganywe na seli ikiwa imeshapoa hadi nyuzi 40 hivi. Kosa kubwa ni kumwaga ya moto. Jua pia kwamba mabonge yanayoonekana siku ya kwanza ni seli ambazo hazikutenganishwa. Piga picha siku hiyohiyo uyatoe kwenye hesabu.

Na usidhani Raf, protini inayoamshwa na Ras, inaweza kusimama badala ya Ras. Kwenye seli za RIE-1, ambazo nazo ni za utumbo wa panya mkubwa, Raf iliyowashwa peke yake haikuzigeuza mwaka 1996, ingawa fibroblasti inazigeuza. Seli za utumbo zinahitaji Ras izalishe pia vichocheo vya EGFR (kipokezi cha EGF) ambavyo seli hujilisha yenyewe, kama TGF-alfa. Ndiyo maana data ya fibroblasti ni ya kukopa kwa uangalifu.

Kriptu_Hai

Narudi kwenye media, kwa sababu hapo ndipo swali lako la pili lilipo, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Kriptu ya kawaida inaishi kwa kulishwa ishara kutoka nje. Wnt na R-spondini zinalinda seli mama. EGF inaruhusu kugawanyika. Noggin inaizuia BMP isizimishe ukuaji. Kila jeni kubwa ya saratani ya utumbo mpana inafuta hitaji mojawapo. APC ikivunjika, Wnt na R-spondini hazihitajiki tena. KRAS ikikwama ikiwa imewaka, EGF haihitajiki. SMAD4 ikipotea, Noggin haihitajiki. TP53 ikipotea, seli inavumilia Nutlin-3, dawa inayoamsha p53. Mwaka 2015 makundi mawili, la Matano huko Japani na la Drost huko Utrecht, Uholanzi, yalitumia mantiki hiyo kuchuja organoidi za kawaida zilizohaririwa kwa CRISPR, mkasi wa jeni unaotumia kimeng'enya cha Cas9. Kwa hiyo athari ya jeni kwenye seli ya kawaida ya utumbo inasomwa kwa kuuliza seli hiyo imeacha kuhitaji nini. Kasi ya kukua ndani ya media iliyojaa kila kitu haikuambii lolote, kwani humo hata seli za kawaida zinakua vizuri.

Media yako inaziba mlango huo. L-WRN inatoa Wnt3a, R-spondini 3 na Noggin kwa pamoja, zimechanganyika, huwezi kuondoa moja ukaacha nyingine. Seramu iliyomo inaleta vichocheo vya ukuaji, kwa hiyo ulipoondoa EGF ya chupa ulibakiza ile ya seramu. Na hata ukiondoa yote, organoidi zinatengeneza TGF-alfa na amfiregulini zenyewe na kujilisha. Hilo ndilo jibu la kwa nini organoidi za virusi vitupu ziliishi.

Badilisha hivi. Msingi uwe Advanced DMEM/F12 yenye HEPES 10 mM na glutamini, B27, N-asetilisisteini 1 mM. Kisha kila ishara iwe kwenye chupa yake: EGF 50 ng/ml, Noggin 100 ng/ml, R-spondini 1 kwa 1 µg/ml, gastrini 10 nM, A83-01 500 nM. Wnt ndiyo inayosumbua, protini iliyosafishwa inapoteza nguvu haraka bila seramu. Tumia Wnt mbadala iliyotengenezwa kwa usanisi, au media iliyovunwa ya Wnt3A peke yake kwa hatua za kulea tu, siyo hatua ya kuchuja. SB202190 iondoe kwenye jaribio la EGF. Ni kizuizi cha p38, na p38 inahusika na jinsi EGFR inavyotolewa juu ya seli, kwa hiyo inachafua usomaji. IGF-1 100 ng/ml na FGF-2 50 ng/ml zinashika nafasi yake.

Kwa KRAS, kuondoa EGF peke yake hakutoshi. Ongeza gefitinibu, dawa inayozuia EGFR, ili kuziba na huko kujilisha. Anza na 0.5 hadi 1 µM, lakini kwanza pima kwenye organoidi za mtu yuleyule bila KRAS: dozi sahihi ni ile inayoziua zote ndani ya siku 7 hadi 10. Watu wawili tofauti wanaweza kutoa dozi tofauti.

Kwa APC, ondoa Wnt na R-spondini zote mbili. Za kawaida zinaendelea kwa siku kadhaa kwa akiba, kwa hiyo usihesabu ushindi siku ya 4. Zigawe upya mara moja ndani ya media hiyo hiyo pungufu. Zitakazoota tena ndizo. Na umbo lisikudanganye. Kwa kipanya, organoidi ya utumbo mwembamba ina vichipukizi, ikipoteza APC inakuwa duara tupu, na hilo linaonekana kwa macho. Kwa utumbo mpana wa binadamu ndani ya media yenye Wnt, hata zile za kawaida ni duara. Pima AXIN2 na LGR5, jeni zinazoonyesha Wnt imewaka, kwa qPCR.

Kwa SMAD4, toa Noggin. Ukitaka ukali zaidi weka BMP4. Kumbuka A83-01 inaziba vipokezi vya TGF-beta na aktivini, haizibi vya BMP, ndiyo maana kuchuja kwa BMP kunawezekana nayo ikiwemo. Lakini ukitaka kusoma athari ya SMAD4 kwenye njia ya TGF-beta, lazima A83-01 iondoke, la sivyo utaandika "hakuna tofauti" na tofauti ilikuwa imezibwa na wewe mwenyewe.

Cas_Tisa

Kuhusu mpangilio. Anza na APC. Inachujwa kwa urahisi, haileti uzee wa ghafla, na organoidi zake zinalelewa kwa gharama ndogo kwa sababu huhitaji tena Wnt wala R-spondini, ambazo ndizo ghali. Pili TP53. Tatu KRAS, ikiwa p53 imeshaondoka, na hapo utaona zile organoidi nyeusi zinapungua sana. SMAD4 mwisho. Mpangilio huu ni wa kurahisisha kazi. Usiuandike kana kwamba ndio unaotokea mwilini, ambako KRAS kwa kawaida hutangulia TP53.

Kwa KRAS, mkuu, achana na lentivirusi kama unaweza. Hariri jeni yenyewe. G12D ni GGT kuwa GAT, badiliko la G moja kwenda A, na kihariri cha besi cha sitosini kinaweza kulifanya kwenye uzi wa pili bila kukata nyuzi zote mbili za DNA. Angalia jirani: kodoni 12 ina G mbili zilizofuatana. Ya kwanza ikiguswa peke yake unapata G12S, zikiguswa zote unapata G12N. Soma mfuatano wa kila kloni, usisome mchanganyiko.

Kuingiza plasmidi (duara la DNA lenye kihariri): tenganisha kwa TrypLE, kimeng'enya cha kutenganisha seli, nyuzi 37 kwa dakika 5 hadi 10, ukichungulia kwenye darubini kila dakika 2. Vipande vya seli 2 hadi 5 vinavumilia kuliko seli mojamoja. Weka Y-27632 10 µM tangu dakika hiyo hadi siku 2 baadaye, seli za utumbo zikitenganishwa bila hiyo zinakufa kwa wingi. Kwa NEPA21, mashine ya kuingiza DNA kwa umeme: plasmidi 10 µg ndani ya mikrolita 100, pigo la kutoboa 175 V, milisekunde 5, mara 2, kisha pigo la kusukuma 20 V, milisekunde 50, mara 5. Ukinzani uwe kati ya omu 30 na 55. Ukiwa nje ya hapo, ujazo si sahihi au kuna chumvi nyingi, usipige.

Kama utabaki na lentivirusi: polibrini 8 µg/ml, zungusha sahani kwa 600 g kwa saa 1 kwa nyuzi 32, acha saa 4 hadi 6 kwenye inkubeta, kisha ndiyo uziweke kwenye Matrigel. Virusi havipenyi vizuri seli zikishafunikwa.

Mtego ninaouhofia kuliko yote: mkato wa Cas9 wenyewe unaamsha p53. Mwaka 2018 ilionekana kwamba seli zenye p53 mbovu ndizo zinazopita kwa urahisi kwenye uhariri. Kwa hiyo kloni yako unayoiita "APC pekee" huenda imepoteza TP53 bila kukuuliza. Kila kloni ipitishe kwenye Nutlin-3 10 µM kabla ya kuitumia. Ikiishi, itoe nje ya kundi la APC pekee. Kloni tatu kwa kila jeni ndiyo idadi ya chini, kutoka miongozo miwili tofauti ya RNA.

Darubini_Kuu

Nimeelewa. Zikishapata nne zote, zinahesabika kuwa saratani?

Kriptu_Hai

Kwenye sahani hapana. Kundi la Drost liliziweka zenye mabadiliko manne chini ya ngozi ya panya wasio na kinga, zikaota uvimbe wenye dalili za kupenya. Waliona pia kwamba kupotea kwa APC na TP53 pamoja kunatosha kuvuruga idadi ya kromosomu, kwa hiyo hesabu kromosomu za kila kloni kabla hujaanza. Kundi la Matano liliongeza badiliko la PIK3CA, jeni nyingine ya saratani, na organoidi zilizotoka kwenye seli za kawaida, zikipandikizwa kwenye wengu, ziliishia kwenye vijipandikizi vidogo vya ini. Zilizoanzia kwenye adenoma (uvimbe ambao bado si saratani) yenye kromosomu zilizovurugika ndizo zilizotoa uenezi mkubwa. Andika "zimeacha kutegemea ishara za nje", hilo umelipima.

Bi_Pipeti

Usalama, kwa kuwa virusi hivi vimebeba jeni ya saratani ya binadamu na vinaingia kwenye seli za binadamu. Mfumo wa kizazi cha tatu, plasmidi nne. Kabati la daraja la II, glavu mbili, sindano na vioo vya kukata visiingie kabisa, sentrifuji yenye vifuniko vya ndoo. Kioevu chote kipate jiki iliyochanganywa siku hiyo hiyo, sehemu 1 kwa 9, dakika 30. Ya juzi imeshapoteza nguvu. Kwa Kenya kazi hii iko chini ya mamlaka ya usalama wa kibayolojia, Sheria ya 2009 na kanuni zake za matumizi ya ndani za 2011. Tishu za wagonjwa kwa Tanzania zinahitaji kibali cha NatHREC, kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, kabla ya kipande cha kwanza kukatwa, na fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba seli zitabadilishwa jeni, maana ridhaa ya "utafiti" kwa jumla haimwelezi mgonjwa hilo.

Na Matrigel: inaanza kuganda ikipita nyuzi 10. Mzigo ukikaa uwanja wa ndege barafu ikayeyuka, usiirudishe kwenye friji ukaitumia. Itaganda tena lakini matone yatalegea siku ya 3, organoidi zitazama na kushika plastiki, na utamsingizia KRAS.